Mzee Aulizwe Kwanza

Bi Mkubwa alikatiwa umeme mchana kweupe, mbele ya watu, na aliyemkatia alikuwa Fundi mwenyewe. Alichomoa waya ukutani bila hata kusema bismillahi. Taa za kijani za ile mashine zikafa, feni ikanyamaza, na watumishi waliojazana mlangoni mwa chumba cha seva wakashika vinywa. Katibu wa hospitali akashika tai yake.

"Sasa umefanya nini, dada?"

"Sikiliza dirishani," Fundi akajibu.

Upande wa pili wa ukuta, kwenye dirisha la dawa, mama mmoja mnene mwenye sauti kubwa alikuwa akiwaita wagonjwa kwa majina. Watumishi wenzake walimwita Mama Dirisha. Hakukatiza wala hakupunguza sauti. Skrini yake ilisita kidogo, kisha ikaendelea, naye hata hakujua. Bi Mdogo, mashine ya pili iliyokuwa imekaa chini ya mwenzake siku zote bila kazi, alikwisha kushika kila kitu: usajili, maabara na dawa.

Makofi yakapigwa. Fundi aliinama kama anayetafuta kitu sakafuni, lakini alikuwa anaficha meno yake, maana yalikuwa nje yote. Alikuwa na haki. Kabla ya hapo hospitali ilitegemea mashine moja, na ilipougua yenyewe, wagonjwa nao waliongezewa ugonjwa. Watu walikaa kwenye mabenchi tangu asubuhi, vyeti havionekani, majibu ya damu hayaonekani, wauguzi wakitukanwa kwa kosa lisilo lao. Katibu alitaka kuita kampuni ya nje. Fundi akasema nipeni mimi. Wakampa, shingo upande.

Majina ya mashine aliyatoa Mama Dirisha, baada ya kuelezwa jinsi zinavyofanya kazi. Bi Mkubwa hufanya kazi zote, na kila mara humtumia mwenzake salamu kwa waya mfupi ulioziunganisha: nipo. Bi Mdogo asipoisikia salamu hiyo, anajua mwenzake kaanguka, anashika jiko mwenyewe bila kungoja kuamriwa na mtu.

"Mke mdogo anayekaa kimya mpaka aitwe?" Mama Dirisha alisema siku ile. "Hiyo kweli ni mashine. Binadamu hawezi."

Katibu alipomaliza kupiga makofi, kwa vidole viwili, akasogea karibu. "Kesho bodi inakuja. Waonyeshe hivi hivi. Ukiharibu, unajua kampuni bado inanipigia simu."

"Haitaharibika," Fundi akasema.

&nbsp;

Nyumbani kwa wazazi wake nako alikuwa amepanga mambo, na mpango huo nao alijivunia. Baba yake, Mzee, alikuwa mgonjwa wa sukari, na mkewe ndiye aliyemchoma sindano kila asubuhi kwa miaka. Sasa mama alikuwa amesafiri kumuuguza dada yake. Ikabaki kazi ya watoto wawili: Fundi, aliyeolewa mitaa miwili kutoka hapo, na kaka yake mkubwa, Kinyozi, aliyekuwa akilala nyumbani kwa wazazi na kufungua saluni yake mapema.

"Kaka, wewe ndiye utakuwa Bi Mkubwa," Fundi alimwambia.

"Mimi na ndevu zangu hizi?"

"Nisikilize. Unamchoma baba alfajiri, ukimaliza unanitumia ujumbe: tayari. Nisipoupata ujumbe, najua umepata dharura, nakuja kumchoma mimi. Hakuna siku atakayokosa."

Kinyozi alicheka, lakini aliusifu mpango. Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti chake pembeni, redio magotini. Akakohoa.

"Na mimi je? Mimi nafanya nini?"

"Wewe tulia tu, baba," Fundi akamwambia kwa upendo. "Usijisumbue na chochote. Sisi tunajua."

Mzee akafungua redio. Alikuwa mtu aliyewahi kusimamia ghala zima na watu wake, watu wakisimama alipoingia, lakini tangu macho yake yapungue alikuwa amezoea kuambiwa atulie.

&nbsp;

Asubuhi ya bodi, Fundi aliamka na moyo mwepesi. Alipiga pasi gauni lake la buluu, akavaa, akatazama simu. Hakuna ujumbe. Akampigia kaka yake, simu haipatikani. Akangoja kidogo, akapiga tena, ikawa vilevile.

"Huyu kakurupushwa na wateja wake," akamwambia mumewe. "Si kitu. Ndiyo maana tuliweka mpango."

Akatembea mpaka kwa wazazi. Mlango wa Kinyozi ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mzee alikuwa kitandani, amejifunika mpaka kidevuni.

"Shikamoo baba. Umeamkaje?"

"Marahaba, mama. Salama tu."

Akatoa sindano, akavuta dawa, akakunja mkono wa fulana ya baba yake. Mzee akamtazama. Akafungua kinywa kama anayetaka kusema jambo, kisha akakifunga, akageuza uso ukutani. Fundi akamchoma. Alikuwa na mkono mwepesi, na hilo alilijua. Akamchemshia chai, akamkatia mkate. Mzee akanywa funda moja, akasukuma sahani.

"Kula, baba. Sindano haitaki tumbo tupu."

"Nimeshiba."

"Umeshiba nini saa hizi? Acha utoto." Akamwachia sahani kwenye stuli, akachukua mkoba wake, akatoka.

Alikuwa ameshika komeo la geti simu ilipotetemeka. Akaisoma akiwa amesimama. *Tayari. Kachomwa mapema, kala vizuri, kalala. Umeme ulikatika usiku, simu ikafa, ndiyo naichaji hapa saluni.*

Fundi akakimbia. Mkoba ulibaki getini na kiatu kimoja kikabaki uani.

Mzee alikuwa amelowa jasho. Midomo ilimtetemeka, na alimwita binti yake kwa jina la karani wake wa zamani wa ghalani, akimwuliza kwa nini magunia hayajahesabiwa. Fundi akakoroga sukari kwenye kikombe cha chai mpaka ikawa nzito, akamwinua kichwa.

"Kunywa, baba. Kunywa. Nakuomba kunywa."

Nusu ikamwagika kwenye gauni la buluu. Nusu ikaingia. Jirani mwenye gari aliposikia kelele alikuja na pajama zake, na hawakungoja avae suruali.

&nbsp;

Walimtundikia dripu ya sukari katika hospitali ileile ambako Fundi aliajiriwa, wadi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Daktari alisema hali imewahiwa. Alilirudia neno hilo alipouona uso wa Fundi: imewahiwa.

Kinyozi alifika na mashine ya kunyolea mfukoni na nywele za mteja kwenye mikono. Hata salamu hakutoa.

"Umemchoma tena? Nilishamchoma!"

"Ungenitumia ujumbe!"

"Simu ilikufa! Kwani simu yangu ikifa, mimi nimekufa?"

Watu wa vitanda vingine wakageuka kuwatazama. Muuguzi akawaambia kama wanataka kupigana waende nje, hapa pana wagonjwa. Fundi hakumsikia muuguzi. Yale maneno ya kaka yake yalikuwa yamemwingia. Simu yangu ikifa, mimi nimekufa? Akaona chumba cha seva, akauona ule waya mfupi kati ya mashine mbili. Waya ukikatika, Bi Mkubwa yuko hai, anafanya kazi zake, ila salamu haifiki. Bi Mdogo atasema mwenzangu kafa, naye atashika jiko. Watakuwa wawili, kila mmoja anajua yeye ndiye. Na jikoni kwao kulikuwa na dawa za watu.

Jana alikuwa amechomoa umeme. Waya ule hakuwahi kuugusa.

"Baba," Kinyozi alikuwa akisema taratibu kitandani, sauti imemlainika. "Kwa nini hukumwambia kwamba nimeshakuchoma?"

Mzee alifumbua macho. Rangi ilikuwa imeanza kumrudi.

"Nilidhani daktari kaongeza. Mlisema nitulie, ninyi mnajua." Akavuta pumzi. "Mkono uliochomwa ni wangu. Aliyelishwa ni mimi. Nyumba nzima mtu mmoja tu ndiye aliyejua, na huyo hakuulizwa."

Fundi alilia hapo hapo, mbele ya wadi nzima, gauni limeganda sukari kifuani. Aliona aibu, na aibu hiyo aliistahili.

&nbsp;

Bodi ilikwisha kukaa alipoingia. Katibu alimtazama kuanzia doa la kifuani mpaka miguuni, akatabasamu kwa wageni kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mtoto mchafu.

"Huyu ndiye fundi wetu. Samahanini kwa hali hiyo. Atawaonyesha jinsi mashine moja inavyopokea kazi ya nyingine."

Angeweza kuonyesha. Hilo ni lazima lisemwe. Angechomoa umeme kama jana, makofi yangepigwa, na hakuna hata mmoja mezani pale aliyejua habari ya waya mfupi. Fundi alipiga moyo konde.

"Siwezi kuwakabidhi leo. Mpango wangu una kosa. Naomba mje mlione."

Katibu akacheka kicheko kikavu. "Anatania."

"Sitanii."

Ilikuwa mapumziko ya mchana, madirisha ya dawa yamefungwa. Aliwapeleka wote chumba cha seva, akaandika mgonjwa wa kubuni, akamwandikia vidonge, kisha akachomoa ule waya mfupi. Hakuna taa iliyozimika. Bi Mkubwa aliendelea kunguruma, na Bi Mdogo naye akaanza kunguruma. Fundi akamwomba Mama Dirisha amtafute mgonjwa yule kwenye dirisha la kwanza na kumpa dawa zake. Akampa. Kisha akamwomba ahamie dirisha la pili, amtafute mgonjwa huyohuyo.

"Huku inaniambia hajapewa," Mama Dirisha akasema, macho yamemtoka. "Nimempa mwenyewe sasa hivi!"

"La kwanza limekwenda kwa Bi Mkubwa, la pili kwa Bi Mdogo. Hawasikilizani. Kila mmoja anaandika daftari lake."

Katibu alikuwa wa kwanza kusema.

"Kwa hiyo jana ulitudanganya."

"Jana sikujua."

"Fundi asiyejua ni fundi wa nini?" Mjumbe mmoja akacheka puani. Katibu akanogewa. "Waheshimiwa, mimi nilisema tangu mwanzo, kazi hizi zina wenyewe. Iko kampuni..."

"Kosa hili umelijuaje?" Aliyeuliza ni mwenyekiti wa bodi, mama mwenye miwani mizito.

Fundi akamgeukia. "Nimelifanya nyumbani asubuhi hii. Baba yangu yuko wadini, kachomwa sindano ya sukari na watoto wawili, kila mmoja akidhani yuko peke yake. Mpango ulikuwa wangu."

Hakuna aliyecheka puani safari hii. Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Kampuni hiyo, Katibu, ingetuambia kosa lake kabla halijamdhuru mtu?"

Katibu akarekebisha tai.

"Mpe nafasi alirekebishe," mwenyekiti akasema. "Tutarudi. Na wewe, binti, nenda kwa baba yako kwanza."

&nbsp;

Dawa ya kosa lile aliikuta stoo, chini ya viti vilivyovunjika: kompyuta kuukuu, kibodi imeng'oka meno, kava imefungwa kwa gundi ya karatasi. Aliipangusa, akaiweka ofisi nyingine kabisa, kwenye umeme mwingine, na kila mashine akaivutia njia yake ya kuifikia. Siku kadhaa alishinda chumbani mle, akichomoa na kuchomeka, akiandika amri, akizifuta, akiandika tena.

Bodi iliporudi, Katibu aliitazama ile kompyuta kwa jicho la upande.

"Hilo bovu ndilo litakalotuokoa? Lina kazi gani?"

"Halina kazi. Haligawi dawa wala halisajili mtu. Linaulizwa tu."

"Linaulizwa nini?"

"Nani aendelee. Bi Mdogo asipoisikia salamu ya mwenzake, hashiki kitu. Anamuuliza kwanza Mzee. Bi Mkubwa naye anamuuliza Mzee. Mzee anamkubalia mmoja tu. Asiyekubaliwa anaacha kazi palepale, hata kama ana nguvu zake zote."

"Mzee?"

"Ndilo jina lake," Fundi akasema, bila kueleza zaidi.

Katibu akaomba kuchomoa yeye mwenyewe, na Fundi akampisha. Akachomoa waya mfupi kwa nguvu, kama anayeng'oa jino la adui. Bi Mkubwa akaendelea. Bi Mdogo akatulia tuli, hakushika kitu. Mama Dirisha akampa mgonjwa wa kubuni dawa kwenye dirisha la kwanza, akahamia la pili, akapaza sauti: "Amekwisha kupewa! Huku nako amekwisha kupewa!"

Katibu akarudisha waya, akasubiri wasikilizane, akachomoa umeme wa Bi Mkubwa. Bi Mdogo akauliza, akakubaliwa, akashika jiko. Bi Mkubwa alipowashwa na kurudi kundini, Katibu akavuka korido mwenyewe, jasho limemtoka sasa, akachomoa umeme wa Mzee. Akarudi mbio kutazama. Hakuna kilichosimama.

"Mbona...?"

"Mzee akilala, hawa wanaendelea, mradi wanasikilizana wao kwa wao," Fundi akasema. "Wakigombana na Mzee hayupo, wote wawili wanaacha kazi. Afadhali dirisha lifungwe kidogo kuliko mtu apewe dawa mara mbili."

Mwenyekiti alianza makofi, na makofi ya safari hii hayakupigwa kwa vidole viwili. Fundi hakuinama. Alisimama wima na doa lake la chai, ambalo halikutoka hata baada ya kufuliwa, na akayapokea. Mama Dirisha alimkumbatia mpaka mgongo ukalia.

"Mke mkubwa, mke mdogo na mzee wa kuamua," akamwambia sikioni. "Sasa hiyo ndiyo nyumba."

&nbsp;

Jioni alimsimulia baba yake yote. Mzee alikuwa amerudi kwenye kiti chake, redio magotini, lakini redio ilikuwa imezimwa. Alitaka kusikia mara ya pili sehemu ya Katibu kukimbia koridoni. Kisha akauliza polepole, kana kwamba ni jambo dogo tu:

"Hiyo mashine ya tatu. Unasema inaitwaje?"

"Mzee."

"Na haifanyi kazi yoyote."

"Haifanyi. Ila bila kuulizwa yeye, hakuna anayegusa kitu."

Kinyozi, aliyekuwa akimnyoa baba yao ndevu, alilazimika kusimamisha wembe, maana kidevu kilikuwa kimeinuka.

Tangu siku hiyo simu zikawa za salamu tu. Yeyote aliyeingia asubuhi na sindano alisimama mbele ya Mzee na kuuliza. Mzee naye hakuwa na haraka. Alikohoa, akaweka fulana vizuri, akawaza, ndipo akajibu: bado, au tayari, rudi zako kazini. Mara moja Fundi alimkuta amekwisha kukaa mlangoni, amevaa shati lake la kola, akingoja kuulizwa.

Mama aliporejea safarini alikuta nyumba safi na mume mwenye afya. Asubuhi yake ya kwanza, kama alivyozoea miaka yote, alivuta dawa bila neno, akaushika mkono wa mumewe, akaanza kuukunja ule mkono wa fulana. Watoto wao wawili walikuwa wamesimama mlangoni.

Mzee akaurudisha mkono wake kifuani.

"Niulize kwanza."

"Makubwa! Tangu lini?" Mama akawageukia watoto. "Huyu mmemfanya nini?"

"Hospitali nzima inaniuliza mimi," Mzee akasema. "Madaktari, madirisha, mashine zao zote, hakuna inayokwenda mpaka mimi niseme. Na wewe ni nani usiniulize?"

Kinyozi akatoka nje kucheka. Fundi alibaki pale pale, machozi yanamlengalenga, na hakuyafuta. Mama alimtazama mumewe kwa muda, sindano mkononi. Akaona jinsi alivyokaa, mgongo wima, macho mabovu yamemkazia yeye, na akakumbuka mtu aliyekuwa akitoka nyumbani hivyo kila asubuhi kwenda kusimamia ghala. Akarudi hatua moja nyuma.

"Haya, baba watoto. Umeshachomwa leo?"

Mzee akakohoa. Akaweka fulana vizuri. Akawaza.

"Bado," akasema, akaunyoosha mkono.